Shimo Lisilohama

Choo kilianza kukoroma Jumatano. Ukimwaga kopo la maji kinameza nusu, kinasita, kinatoa sauti ya mtu aliyelala chali, ndipo kinamalizia nusu iliyobaki. Sisi wapangaji wa ile nyumba ya Ludete, hapa Katoro, vyumba vinane vinavyotazamana uani, tulikisikia na kila mmoja akanyamaza kwa sababu zake. Anayetangulia kusema choo kina tatizo ndiye anayeulizwa ametupa nini. Alhamisi maji ya kuoga yalifika kwenye vifundo vya miguu kabla ya kwenda zake. Ijumaa harufu ilitoka chooni ikahamia barazani. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mpangaji wa chumba cha tatu, anayewahi kuamka kwa sababu anauza chapati stendi, alifungua mlango wa uani, akasimama, akarudi ndani bila kusema neno. Tulipotoka tukaelewa.

Mama mwenye nyumba alikuja na kitenge begani na simu sikioni. "Fundi, njoo. Njoo na kila kitu."

Fundi alifika kwa pikipiki saa mbili kasoro, kiroba cha vifaa kimefungwa nyuma kwa mpira. "Mwangaluka, mayu," alisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka," mama akaitika, akimwonyesha mlango wa choo kwa kidevu. Fundi hakuelekea chooni. Aliomba ndoo ya maji, akazunguka nyuma ya nyumba macho chini, akihesabu hatua kama mtu anayetafuta alipozika kitu.

Nyuma ya nyumba zetu nyingi kuna vifuniko vidogo vya zege ambavyo watoto hukalia na akina mama huanikia dagaa. Hizo ndizo chemba. Bomba la inchi nne litokalo chooni, kila linapopinda au kupokea bomba jingine, hujengewa chemba ili siku ya shida pawe na mahali pa kuchungulia. Kusoma chemba ni nusu ya elimu ya mzibuaji. Ukikuta ya kwanza imejaa na ya pili kavu, mzibo uko katikati yao. Ukikuta zote zimejaa, acha kuhangaika na bomba, shimo ndilo limegoma. Fundi alinyanyua kifuniko cha kwanza kwa ncha ya nondo: imejaa hadi mdomoni. Cha pili: kavu, mende wawili wanazurura.

Akatoa fimbo zake za kuzibulia, zile zinazounganishwa moja baada ya nyingine kwa kuskrubu, akaanza kusukuma huku akizungusha kulia. Kulia tu. Ukijisahau ukazungusha kushoto, fimbo zinafunguka ndani ya bomba, na hapo unakuwa na mizibo miwili, wa kwanza na wa kwako. Wapangaji tulisimama tukitazama kama watu walio kwenye mnada. Dakika ishirini hivi zilipita, kitu kikalegea, bomba likaguna, na chemba ya pili ikapokea maji mazito ya kijivu.

Ile kijivu ndiyo iliyonishangaza. Fundi aliteka kidogo kwa kopo bovu, akayamwaga maji, akasugua kilichobaki kati ya kidole gumba na cha shahada. "Huu si mchanga wa mtoni," alisema. "Huu unga wa karasha."

Katika nyumba yetu vijana watatu wanafanya kazi kwenye makarasha, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa hadi yawe laini kama unga wa muhogo. Jioni wanarudi weupe kuanzia kope hadi viatu. Wanavua, wanaloweka nguo bafuni, wanakamua, na yale maji yanakwenda na mwamba uliosagwa. Uchafu wa kawaida wa bafuni ni mwepesi, unaelea na kwenda. Unga wa mwamba ni mzito. Ukifika mahali bomba limelala unatua, na juu yake unatua mwingine, na nywele, na mabaki ya sabuni, mpaka inchi nne zinabaki moja. Bomba la inchi nne linatakiwa lishuke kama sentimeta moja kwa kila sentimeta arobaini. Letu, fundi alipolipima kwa pimamaji, lilikuwa limelala kama bodaboda kijiweni saa nane mchana. Aliyelijenga aliyajua maji ya ndoo. Hakuujua mji anaoujengea.

Mmoja wa wale vijana aliuliza, nusu utani: sasa humo ndani si kuna dhahabu? Tulicheka, lakini swali lake si la kipuuzi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mtambo wa kusafisha majitaka wa Suwa, mkoa wa Nagano nchini Japani, ulikuta kwenye majivu ya tope lake lililochomwa karibu gramu 1,890 za dhahabu kwa kila tani. Mgodi wa Hishikari, ambao Wajapani wanajivunia kwa utajiri wa mwamba wake, hutoa gramu 20 hadi 40 kwa tani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi walikadiria kwamba kilo 43 za dhahabu hupita kila mwaka kwenye majitaka na tope la nchi yao, na penye viwanda vya kusafishia dhahabu, jimbo la Ticino, kiasi kilikuwa kikubwa hata kuokota kukawa na maana. Nilimweleza yule kijana. Akatazama kopo la fundi kwa jicho jipya. Fundi akalimwaga.

Mimi ningemwongezea habari ya zebaki, ile inayonasia dhahabu, lakini haikuwa asubuhi yake. Rwamagasa, ambako Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi wake wa zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000, si mbali na hapa. Kinyesi huoza kikaisha nguvu. Zebaki haiozi. Ikishuka na maji ya nguo za mwaloni, kule unga wa mwamba unakooshwa, inakaa shimoni ikimsubiri atakayelifungua.

Tulidhani kazi imekwisha. Mama alikwisha kufungua pochi. Lakini maji yaliyopita chemba ya pili yalifika ya tatu, yakasimama, yakaanza kupanda taratibu bila haraka yoyote. Fundi aliyatazama kwa muda mrefu.

"Mama, karo liko wapi?"

"Hapo hapo mliposimama."

Tulitazama chini. Tulikuwa tumesimama kwenye vigae vyekundu vya baraza, vya mwaka jana, vinavyong'aa.

"Na mfuniko?"

"Fundi wa vigae alisema unaharibu sura."

Wakati nyundo inatafuta pa kuanzia, niuseme kidogo mji wenyewe. Katoro iko magharibi ya Geita mjini, kwenye barabara ya lami iendayo Buseresere na Bwanga. Ukitembea kwa miguu kutoka Katoro hutajua Buseresere imeanzia wapi. Maduka yanashikana mikono. Lakini Katoro ni ya Wilaya ya Geita na Buseresere ni ya Chato, na kabla ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012 zilikuwa hata mikoa tofauti, hii Mwanza na ile Kagera. Dhahabu ya Nyarugusu, Rwamagasa na machimbo mengine ya wachimbaji wadogo ndiyo iliyowaleta watu. Biashara ndiyo iliyowabakisha. Wamejaa kiasi kwamba mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliifanya Katoro jimbo la ubunge linalojitegemea. Lina mbunge, lina mabenki, lina gesti za kila bei. Mtandao wa mabomba ya majitaka chini ya barabara, hapana. Kila kiwanja kinajimezea chake.

Sisemi hivyo kuibeza Katoro. Dar es Salaam yenyewe, wakazi wake walio wengi hawajaunganishwa na bomba la majitaka hadi leo. Tofauti ni kwamba Katoro ilizaliwa na mazoea ya machimbo, na machimbo yana kanuni moja ambayo hakuna aliyeiandika: shimo likiisha, unahama. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitoa maji au likikosa mwamba wenye mali, unang'oa matimba yako, unabeba winchi, unakwenda kufungua jingine. Hakuna anayelikarabati duara lililokufa. Na vijijini tulikotoka, choo kilifuata kanuni hiyohiyo. Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ilipotangazwa redioni na watu wapatao milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mafunzo yalikuwa mazuri na yaliokoa maisha. Choo kikijaa unakifukia, unasogea hatua kadhaa, unachimba kingine, na pale pa zamani unapanda mgomba. Migomba ile ilizaa kweli.

Kiwanja cha Ludete kina nyumba mbele, vyumba nyuma, fremu ya duka ubavuni, na choo kilichobanwa kwenye ukuta wa jirani. Mgomba utapandwa wapi? Kwa mara ya kwanza katika maisha ya familia nyingi za hapa, shimo limekuwa kitu cha kuishi nacho. Mawazo yetu bado yanahama. Tunalijenga kama tutaliacha.

Nyundo ilivunja vigae saba. Chini kulikuwa na zege la inchi nne bila shimo la mkono wala kipete cha nondo. Ilibidi patobolewe kwa tindo. Mama mwenye nyumba alihesabu kila kigae kwa sauti ya chini.

Karo halina maajabu. Ni chumba cha matofali kilichopigwa lipu lisivuje, mara nyingi kimegawanywa sehemu mbili kwa ukuta wenye upenyo. Maji machafu yakiingia hutulia. Kizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea na kufanya utando, na katikati hubaki maji yaliyochujika kidogo, ambayo hutoka kupitia tii, kipande cha bomba chenye umbo la T, kwenda kwenye shimo la pili lisilopigwa lipu, lile la kunywesha ardhi. Vijidudu visivyohitaji hewa hulila tope polepole. Inasimuliwa kwamba Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul alijenga tanki la namna hii karibu mwaka 1860, akalifungua baada ya miaka akashangaa kukuta tope kidogo kuliko alivyotegemea, akalitafutia hataza mwaka 1881. Tangu siku hiyo ulimwengu una watu wanaoamini karo linajila lenyewe. Mama mwenye nyumba ni mmoja wao. "Tangu nijenge sijawahi kunyonya," alitwambia kwa fahari, "na ni mwaka wa sita."

Fundi hakubishana. Alichukua mti mrefu, akauzungushia kitambaa cheupe kuanzia chini hadi katikati, akaushusha taratibu mpaka ukagota, akahesabu kimoyomoyo, akautoa. Kitambaa kilikuwa cheusi karibu chote. Palepale ningeweza kumfanyia mama hesabu. Wahandisi hukadiria lita 40 hivi za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Sisi ni watu ishirini pamoja na watoto: lita 800. Karo lake, mita mbili kwa moja kwa kina cha maji cha mita mbili, linabeba lita 4,000, na linatakiwa kunyonywa tope likifika theluthi. Theluthi hiyo inafikiwa kwa mwaka mmoja na miezi minane. Miaka sita ni lita 4,800. Choo hakikuwa kimeziba tu. Kilikuwa kimekataa.

Halafu kuna lile lisiloonekana. Tii ya kutolea ilikuwa imeng'oka, imelala chini. Tii ile ina kazi ndogo na kubwa: mguu wake unashuka chini ya utando ili kitoke kile cha katikati tu. Isipokuwepo, mafuta na povu vinakwenda hadi shimo la kunywesha, vinapaka kuta zake kama samli kwenye chungu, na udongo unaacha kunywa. Watu wengi wa huku wamechimba shimo la pili, la tatu, wakilaumu mfinyanzi, kumbe kilichohitajika ni kipande cha plastiki na gundi.

Kuna dawa za unga zinazouzwa sokoni kwa maneno matamu kwamba zinapunguza kinyesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizipima dawa za aina hiyo kwenye tope la vyoo vya shimo na hawakuona tofauti yenye maana na tope lililoachwa bila kitu. Kostiki nayo, ambayo wengi huimwaga choo kikigoma, huchemka kwa nguvu hadi kulainisha bomba la plastiki, na ikishuka karoni huwaua walewale vijidudu waliokuwa wakikusaidia bila mshahara.

Kunyonya ndiyo dawa, na gari la majitaka liliitwa kutoka mbali. Tulilisubiri hadi saa saba. Katika kungoja huko ndipo lilipotokea jambo ambalo bado linanisumbua. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye mwili wa kazi, alipita akaona, akajitolea kuingia na ndoo. Alitaja bei, si kubwa. Mama alianza kukubali.

"Hapana," fundi alisema. Ndiyo mara pekee alipopandisha sauti siku ile.

Yule kijana alishangaa. Anashuka maduara ya mita nyingi, hili la mita mbili litamfanya nini? Fundi akamuuliza: kule duarani mnashuka bila blowa? Kijana akasema hapana, tunapuliza hewa kwanza. "Basi na hapa ni duara." Tope linalooza hutoa gesi, na mojawapo ni ile inayonuka yai bovu. Ubaya wake hauko kwenye harufu. Ikiwa kidogo unainusa. Ikiongezeka inaua pua kwanza, hunusi kitu tena, unadhani hewa imesafika, na pumzi mbili tatu baadaye magoti yanalegea. Kisha anashuka wa pili kumwokoa wa kwanza. Habari za watu wawili au watatu wa familia moja waliokufa kwenye karo huwa zinaandikwa magazetini. Wachimbaji wa ukanda huu wanaijua hewa chafu kuliko watu wengi nchini. Ikiwa ndani ya mgodi, wanaiheshimu. Ikiwa chini ya baraza, hawaitambui.

Dar es Salaam watu wanaoingia mashimoni kwa ndoo waliitwa vyura, na kazi yao walifanya usiku kwa sababu mchana hakuna aliyetaka kuwaona. Kulikuwa pia, na bado kuko penye mabonde, na mtindo wa kutapisha: mvua kubwa ikinyesha unatoboa ukuta wa choo kwa chini, shimo linatapika, mafuriko yanabeba hadi kwa wa chini yako. Kati ya mwaka 1988 na 1992 wataalamu wa shirika la Kiholanzi la WASTE walijaribu jijini humo mkokoteni wenye pampu ya kuzungushwa kwa mkono na tanki la lita 200, uliopita vichochoroni ambako gari halifiki. Ulikuwa wazo la busara, haukudumu. Baadaye, katika miaka ya 2000, ikaja pampu nyepesi ya mkono iitwayo Gulper, ya Mwingereza Steven Sugden. Yote hayo yalikuwa majibu ya swali moja: gari litafikaje?

Letu halikufika. Lilikwama kwa ukubwa wake kona ya msikiti, kati ya nguzo ya umeme na fremu ya kuuzia vocha. Dereva alishuka, akapima kwa macho, akaanza kuunganisha mabomba ya mpira, moja, mawili, manne. La nne likagusa karo kwa kubana. Injini ikanguruma, mpira ukakakamaa kama nyoka aliyemeza, na mtaa mzima ukafunga madirisha. Baada ya dakika kumi mpira ukatulia. Umeziba. Utingo akauvuta mdomo wake nje kwa mikono yenye glovu: pampasi mbili, zimevimba kama mito.

Hakuna aliyesema kitu. Wenye watoto wachanga nyumbani kwetu ni watatu, na wote watatu walikuwa na jambo la kutazama upande mwingine.

Boza la maji safi linapita mitaa yetu kila siku, na watu wanaliita kwa jina la dereva. Gari la majitaka halina jina. Bei yake hupanda kwa kilomita, kwa sababu haliendi tu kuchukua. Lina mahali linapotakiwa kumwaga, na mahali hapo panapokuwa mbali, dereva mwenye tamaa hutafuta pa karibu: korongo, shamba la mtu, mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za mto au ziwa. Visima vifupi navyo vinashauriwa kukaa angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Pima kiwanja chako ulinganishe. Viwanja vingi vya Katoro havina mita 30 za kupima, upande wowote.

Mwanza walibanwa na kitu kingine, mawe. Ile milima ya miamba inayopendeza kwenye picha haichimbiki choo, na watu walijenga juu yake hata hivyo. Mamlaka ya maji ya pale ililaza mitandao ya mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, yakifuata mteremko, hadi kwenye bomba kubwa la bondeni. Mfano huo ulianzia Brazili, mji wa Natal, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambako mitaa ya mabanda ilikubali bomba lipite uani badala ya kungoja barabara ipanuliwe. Una sharti moja gumu: majirani wakubaliane, kwa kuwa uchafu wa wa juu utapita kwa wa chini, na siku ukiziba ni shida ya wote. Sijui kama mtaa wetu, ambao ulikaa siku tatu unasikiliza choo kikikoroma, uko tayari.

Lakini mabomba yanakuja, yale ya upande wa kuingiza. Juni 2022 serikali ilisaini mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na Geita ni mmoja wa miji hiyo. Kila anayesikia maji ya ziwa yanasogea hufurahi, nami nafurahi. Nimebeba madumu ya kutosha. Ila fanya hesabu nyingine. Watu ishirini, kila mmoja chooni mara nne kwa siku, kwa kopo la lita mbili: lita 160, madumu manane. Siku bomba litakapofika uani, mwenye nyumba yeyote mwenye macho ataweka choo cha kukaa chenye kibonyezo, maana chumba chenye choo cha ndani kinapangishwa zaidi. Kibonyezo cha zamani kinamwaga lita tisa. Watu walewale, mara zilezile: lita 720. Madumu thelathini na sita, kila siku, kwenye shimo lilelile. Hapo sijataja kuoga.

Jina rasmi la mamlaka zetu, kwa mujibu wa sheria namba 5 ya mwaka 2019, ni za huduma za maji na usafi wa mazingira. Sikiliza watu wakitamka. Mamlaka ya maji, wanasema, na pumzi inaishia hapo. Nusu ya pili ya jina imedondoka njiani, na bajeti ya familia nayo hutamkwa vilevile: fedha ya kuvuta maji ipo, ya kuyatoa haijawahi kutengwa. Nyumba ya milioni nyingi, tailizi hadi dari, haina kifuniko cha karo.

Jambo moja dogo la gesti, kwa vile msomaji wangu wa wikiendi huenda yuko njiani. Ukipewa chumba kinachonuka choo ingawa choo chenyewe ni kisafi, usikimbilie kugombana na mhudumu. Tazama tundu la sakafuni bafuni. Chini yake kuna bomba lililopindwa ambalo hukaa na maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaoizuia hewa ya shimoni. Alexander Cumming, fundi saa wa Uskoti, ndiye aliyepata hataza ya mpindo huo kwa choo mwaka 1775. Chumba kikikaa wiki kadhaa bila mgeni, yale maji hukauka na mlango unabaki wazi. Mwaga vikombe viwili. Subiri. Nimewahi kulala vizuri kwa vikombe viwili.

Gari liliondoka saa kumi. Fundi alibandika tii mpya, akaijaribu kwa ndoo, akafinyanga mfuniko wa zege wenye vipete viwili vya nondo, ambao mama alisisitiza uwe na rangi nyekundu ufanane na vigae. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, mara mbili. Ule mti wenye kitambaa aliuegemeza ukutani. "Mama, huu ukae hapa. Kila mwaka mpya unaushusha. Ukitoka mweusi hadi hapa, unanipigia kabla choo hakijakupigia." Kisha akaomba mkaa ili aandike tarehe ukutani, isije ikasahaulika.

"Si mbele," mama alisema. "Wageni watasoma."

Akaandika nyuma ya mlango wa bafu: tarehe, mwezi, mwaka, na chini yake, KUNYONYA TENA, na mwaka wake. Jumapili asubuhi, nilipoingia kuoga, palikuwa na mstari mwingine kwa kalamu ya bluu: nguo za karasha zifuliwe nje. Jumatatu mtu mwingine aliongeza, kwa mwandiko uliojaribu kufanana na ule wa kwanza: na pampasi. Tumeishi wiki nne tangu siku hiyo na hakuna aliyekiri kuandika.